Kazi ya Kupanga Vinywaji Kwenye Supamaketi: Faida Yake na Machungu Yake

Vikundi vingi vya kujisaidia vina desturi moja nzuri. Kijana akimaliza kidato cha nne na asipate nafasi ya kuendelea na masomo, wanakikundi huchangishana kidogo ili aende mjini kutafuta kazi. Pesa hizo hutoka kwenye mfuko wa kikundi, mfuko ule ule wa kununulia mbolea na kulipia watoto karo, kwa hivyo si mchezo.

Siku hizi kazi moja ambayo vijana hao hupata upesi ni ya kupanga vinywaji kwenye supamaketi. Mjini anayefanya kazi hii huitwa machandaiza. Wazazi wengine hudhani kijana wao ameandikwa na supamaketi, wengine hudhani amekuwa mchuuzi wa soda. Si hivyo, wala si vile. Tumeonelea tueleze kazi yenyewe ilivyo, inaleta nini na inachukua nini, ili kikundi kinapotoa pesa kijue kinamtuma mtoto wapi.

Tuseme mapema maoni yetu: ni kazi halali, na ina mafunzo mengi kuliko wengi wanavyofikiri. Lakini ni kazi ya kupitia. Kikundi kinachokopesha kijana kana kwamba amepata kazi ya kudumu kinaweza kujikuta kinadai pesa ambazo hazipo.

Kazi yenyewe

Lori la soda, juisi au maji likishafika nyuma ya supamaketi, mzigo hauingii kwenye rafu wenyewe. Chapa kubwa zina desturi ya kuweka mtu wao ndani ya duka. Mtu huyo hufika asubuhi kabla ya wateja, huingia stoo, hutoa kreti na pakiti, huzipakia kwenye mkokoteni na kuzipanga. Hupangusa vumbi. Huangalia kwamba bei iliyobandikwa kwenye rafu ni sawa na ile ya kwenye mashine ya keshia, maana mteja akidanganywa kwa shilingi tano atapiga kelele hadi barabarani. Hujaza friji. Huhesabu kilichobaki na kumwambia meneja ni kreti ngapi ziagizwe. Jioni hupiga picha ya rafu kwa simu na kumtumia supavaiza wake, ambaye pengine yuko upande mwingine wa mji.

Ukiangalia kwa juu juu utasema hiyo ni kazi ya kubeba tu. Kumbe kuna ujuzi ndani yake. Kanuni ya kwanza ni kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mzigo mpya huwekwa nyuma, wa zamani huvutwa mbele, ili chupa isije ikapitwa na tarehe ikiwa imejificha. Hapa lazima ujue tofauti ya vyombo. Soda ya chupa ya plastiki huishiwa na gesi mapema kuliko ya chupa ya kioo, kwa sababu plastiki hupitisha gesi polepole hata kama kifuniko kimekazwa. Kwa hivyo tarehe za plastiki huwa fupi, na hizo ndizo za kuangaliwa kila siku.

Kanuni ya pili ni usawa wa macho. Kitu kilicho kwenye rafu ya kati, mbele ya macho ya mtu mzima, huchukuliwa kwanza. Kilicho chini kabisa mtu hukiacha, isipokuwa mtoto. Kampuni zinajua hivyo na hugombania nafasi hiyo. Nyingine hulipa supamaketi ili zipewe mahali pazuri, kama mwisho wa rafu au karibu na keshia. Machandaiza ndiye askari wa kulinda nafasi hiyo. Akienda kula chakula cha mchana, akirudi anaweza kukuta jirani yake wa chapa nyingine amesogeza chupa zake futi moja. Hapo maneno huanza, na saa zingine meneja huwatoa wote wawili nje.

Kuna jambo la tatu ambalo limekuja karibuni. Tangu Novemba 2019, maji ya chupa, juisi na soda zinazouzwa Kenya zinatakiwa ziwe na stempu ya ushuru ya KRA. Chupa isiyo na stempu ni matata kwa mwenye duka. Machandaiza mzuri huiona kabla haijafika kwenye rafu.

Anatumwa na wawili, analipwa na mmoja

Hapa ndipo tunaomba msomaji asome polepole, maana matatizo mengi ya kazi hii huanzia hapa.

Machandaiza hufanya kazi ndani ya supamaketi, lakini supamaketi haimlipi. Meneja wa duka anaweza kumwambia asafishe sakafu, asaidie kushusha mzigo wa unga, au asirudi tena kesho. Ni lazima atii, kwa sababu yuko ndani ya nyumba ya wenyewe. Wakati huo huo supavaiza wa kampuni ya vinywaji anataka rafu iwe imejaa na mauzo yapande. Na mara nyingi hata kampuni ya vinywaji siyo iliyomwandika. Imempa kazi hiyo wakala, yaani kampuni ya tatu ambayo shughuli yake ni kuajiri watu na kuwapeleka kwa wengine. Barua ya kazi ina jina la wakala, shati lina jina la soda, na mlango una jina la supamaketi.

Mambo yakienda vizuri, hakuna anayeuliza. Yakiharibika, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Kijana akiangukiwa na kreti, supamaketi husema si mtu wetu. Kampuni husema ongea na wakala. Wakala husema leta ripoti kutoka supamaketi. Tunajua vijana waliozungushwa namna hiyo hadi wakachoka, wakaenda nyumbani na mguu uliofungwa bendeji na bila shilingi.

Kwa hivyo swali la kwanza ambalo mzazi au mwenyekiti wa kikundi anapaswa kumuuliza kijana siyo «utalipwa ngapi». Ni «jina la nani liko kwenye barua yako». Kama hana barua, hajaandikwa bado. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayetakiwa kuuandika, si mfanyakazi. Ikiwa kijana analipwa kwa siku kama kibarua, lakini amefanya siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja au zaidi, sheria hiyo hiyo humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Haki hii vijana wengi hawaijui. Wanaambiwa «wewe ni kibarua tu» mwaka mzima, nao wanakubali.

Mshahara, tuuhesabu pamoja

Serikali huweka kiwango cha chini cha mshahara. Kuanzia Novemba 2024 kiwango hicho kiliongezwa kwa asilimia 6, na kwa mfanyakazi wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kikawa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Katika miji midogo kiwango ni cha chini zaidi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo uliza katika ofisi ya kazi ya kaunti kabla ya kutia sahihi. Wako machandaiza wanaolipwa vizuri kuliko hapo, hasa wale walioandikwa na kampuni yenyewe bila kupitia kwa wakala, na wako wanaopata chini ya hapo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tuchukue huo huo wa 16,113. Ongeza asilimia 15 ya nyumba, inakuwa kama 18,530. Kisha kuna makato: NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHIF iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024 asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Jumla ni kama shilingi 1,900. Mkononi anabaki na 16,630 hivi.

Sasa tuseme amekodi chumba cha shilingi 5,000. Nauli ni 100 kwa siku, siku 26, yaani 2,600. Chakula ni 200 kwa siku, siku 30, yaani 6,000. Jumla ni 13,600. Kinachobaki ni kama 3,000. Humo ndani atoe sabuni, umeme, salio la simu, viatu vikichanika, na kitu cha kumtumia mama.

Angalia sasa upande wa kikundi. Kumfikisha kijana mjini na kumweka mpaka mshahara wa kwanza si nauli ya matatu tu. Kuna kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na diposti, hiyo ni 10,000 kwa mfano wetu. Kuna chakula na nauli ya mwezi mzima kabla hajalipwa, 8,600. Hata godoro hatujanunua, wala suruali nyeusi na viatu ambavyo karibu kila duka hutaka. Bado kuna cheti cha polisi cha tabia njema, na cheti cha afya cha wanaoshika vyakula, ambacho maduka mengi huomba. Mkopo wa shilingi 20,000 unaisha haraka sana. Kijana akirudisha 1,500 kwa mwezi, na hiyo ni nusu ya kila kinachobaki, atamaliza baada ya zaidi ya miezi 13.

Na mikataba ya kazi hii? Ya miezi mitatu, au sita, ni ya kawaida.

Mkopo wa mwaka na zaidi kwa kazi ya miezi mitatu: hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Hatusemi msimkopeshe. Tunasema mkopo uwe mdogo, na uwe wa mambo yasiyoweza kungoja, kama vyeti, viatu na chakula cha mwezi wa kwanza. Kodi ya nyumba aikwepe kwa kukaa na jamaa, au kwa kushirikiana chumba na wenzake wawili. Tena si lazima iwe Nairobi. Supamaketi kubwa zimefungua matawi katika miji mingi ya kaunti, na kijana anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni hana diposti ya kulipa, hata kama mshahara ni mdogo kidogo.

Rafu ikikauka

Nakumatt, Tuskys na Naivas, zote zilianzia pande za Nakuru kama maduka madogo. Watu wa Bonde la Ufa wanakumbuka. Nakumatt ilikua ikawa kubwa kuliko zote nchini, na mwaka 2017 rafu zake zikaanza kuwa tupu. Wenye bidhaa walikuwa wakidai pesa nyingi, wakaacha kuleta mzigo, na matawi yakafungwa moja baada ya jingine hadi mwaka 2020 wadai wakaamua ifungwe kabisa. Mwaka huo huo wa 2020, Tuskys nayo ikaingia njia hiyo hiyo ya madeni na rafu tupu.

Wafanyakazi wa maduka hayo walihesabiwa, na magazeti yaliandika habari zao. Machandaiza hakuhesabiwa na mtu. Yeye hakuwa wa supamaketi. Wakala wake alisema tu kwamba duka likifungwa, nafasi imekwisha. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba machandaiza aangalie mambo ambayo hayahusiani na bidii yake. Wauzaji wakubwa hupeleka mzigo kwa supamaketi na kulipwa baadaye, pengine baada ya miezi miwili au mitatu. Malipo yakichelewa zaidi, kampuni hupunguza mzigo. Rafu ikianza kuwa na mapengo, chupa zikipangwa safu moja mbele na nyuma hakuna kitu, huyo machandaiza ndiye wa kwanza kuona. Akiona hivyo wiki tatu mfululizo, aanze kuuliza kazi mahali pengine bila kungoja barua.

Kuna pia majira. Mwezi wa Desemba watu hununua soda kama maji, na kampuni huongeza watu. Huko Mombasa mwezi wa Ramadhani juisi huenda sana. Januari wazazi wako kwenye karo, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya nyanda za juu huwafanya watu watake chai. Kijana aliyeandikwa Novemba asifurahie sana mpaka aone Februari.

Mgongo na mambo mengine

Kinywaji ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Pakiti ya chupa 12 za nusu lita ni kilo 6. Pakiti ya chupa 6 za lita mbili ni kilo 12. Kreti ya soda ya chupa 24 za kioo za mililita 300 ina kilo 7.2 za soda peke yake, na chupa zenyewe pamoja na kreti hufanya uzito uwe zaidi ya maradufu. Machandaiza akipanga pakiti 100 za kilo 6 kwa siku, hizo ni kilo 600, karibu magunia saba ya mahindi ya kilo 90. Na kila pakiti huinuliwa mara mbili, kwanza kutoka kwenye lundo hadi mkokoteni, halafu kutoka mkokoteni hadi rafu.

Sisi wa shamba tunajua kubeba. Lakini shambani unabeba wakati wa mavuno, si kila siku ya Mungu. Mgongo hauumii siku ya kwanza. Huanza kulalamika mwezi wa nne au wa tano, wakati kijana ameshazoea kuinama kiunoni badala ya kukunja magoti. Afundishwe mapema: achuchumae, mzigo aukumbatie karibu na kifua, ainuke kwa nguvu za miguu, na asipinde kiuno akiwa amebeba. Chupa za kioo zenye gesi zisiachwe kwenye jua wala zisigonganishwe, maana hupasuka, na kipande kimoja kinaweza kutoboa jicho.

Akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazi ya 2007 iko upande wake, hata kama ni mwezi wake wa kwanza. Mwajiri anatakiwa awe na bima, na akishapewa habari anatakiwa kuripoti ajali kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya siku 7. Kijana aripoti siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili awe na ushahidi. Asikubali kuambiwa «pumzika utapona, tutaongea».

Jambo linalowaudhi wengi ni kutoaminiwa. Akitoka mlangoni machandaiza hupekuliwa, begi na hata mifuko. Soda ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kutazamwa. Kreti ikivunjika, pesa hukatwa. Kuhusu makato, sheria haikumwacha: mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki ikiwa mfanyakazi ameharibu au kupoteza mali kwa makusudi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Chupa iliyomponyoka mtu akiwa anaharakisha si makusudi. Kuwagawanyia machandaiza wote hasara ya mwezi, kila mmoja akatwe kidogo, hiyo nayo haiko katika sheria tunayoijua.

Wasichana wana mzigo wao wa ziada. Wanaotumwa kuuza vinywaji kwa ofa, hasa bia na pombe kali, husimamishwa mahali pa wanaume waliokunywa, na wengine huombwa mambo ambayo hayamo kwenye mkataba. Wakati mwingine mwenye kuomba ni supavaiza, anayeshika orodha ya watakaoongezewa miezi mitatu mingine. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na sheria awe na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia kusumbuliwa kimapenzi kazini. Binti aulize utaratibu huo uko wapi. Na kama yeye au wazazi hawataki auze pombe, aseme siku ya mahojiano, si siku ya kupewa shati. Kampuni za maji, maziwa na juisi ziko.

Jumapili pia ni jambo la kuzungumza nyumbani. Supamaketi hujaa watu mwisho wa wiki, kwa hivyo machandaiza hupumzika Jumanne au Jumatano. Sheria inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, lakini haisemi iwe ipi. Mama asinune mtoto asipoonekana ibadani mwezi mzima.

Basi kwa nini mtu aifanye?

Kwa sababu kuna mambo ambayo hautayapata mahali pengine kwa kidato cha nne na nguvu za mikono. Kwanza ni mshahara wa mwezi wenye stakabadhi. Anayelipwa kupitia benki na kukatiwa NSSF ana karatasi za kuonyesha, na kwa karatasi hizo anaweza kujiunga na sako na kuanza kujenga jina. NSSF na ushuru wa nyumba mwajiri naye huongeza kiasi kile kile. Baada ya miezi 12 ana siku 21 za likizo yenye malipo, na akiachishwa kabla ya hapo lakini baada ya miezi miwili, anadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliofanya.

Pili, na hili sisi tunaliona ndilo kubwa, anajifunza biashara akilipwa. Muulize mwenye duka wa kijijini ni soda zipi zilitoka jana, na kwa nini. Wengi hawajui. Machandaiza wa mwaka mmoja anajua kwamba maji ya nusu lita hutoka saa saba mchana na ya lita tano hutoka jioni. Anajua kwamba friji ikiwa nusu tupu watu hawanunui, hata kama ni joto. Anajua bei ya jumla, anawajua madereva wa malori, anajua ni msambazaji gani hutoa mzigo kwa mkopo na nani hataki mchezo. Anajua kuandika hesabu ya stoo bila kubahatisha. Kutoka hapo wengine hupandishwa wakawa supavaiza, au wakapewa gari la mauzo wazunguke madukani, na mshahara wa huko una kamisheni. Mwenye leseni ya udereva hupata nafasi hiyo upesi zaidi, kwa hivyo tukiulizwa mkopo wa pili wa kikundi uende wapi, tungesema kwa leseni.

Tatu, ujuzi huo hurudi nyumbani. Vikundi vingi vina kiosko au duka la pamoja ambalo haliendi mbele wala nyuma. Kijana kama huyu akija likizo, mpeni siku moja tu humo ndani. Atatoa soda za plastiki dirishani mahali zinapopigwa na jua. Atavuta za zamani mbele, atabandika bei, atahesabu chupa tupu ambazo ni pesa zimelala. Kazi ya namna hiyo haihitaji mfadhili.

Kabla ya kijana kuondoka

Wakala akiomba pesa ili ampe mtu kazi, mkae mbali naye, hata kama ameziita za fomu au za mafunzo. Mawakala wa ajira wanatakiwa wawe wamesajiliwa na serikali, kwa hivyo ulizeni cheti. Someni barua pamoja, kikundi kizima kama inawezekana, na mtafute mistari hii: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kuisha, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, na notisi ya kuachishwa. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi isipungue siku 28. Neno «majaribio» likiwamo, angalieni ni ya muda gani. Sheria inaruhusu hadi miezi 6, na yakiongezwa ni kwa makubaliano ya mfanyakazi, si kwa kuzidi kusogezwa tu.

Kila mwezi kijana ahifadhi hati ya mshahara na aulize NSSF kama pesa alizokatwa zimefika, maana kukatwa ni kitu kimoja na kufikishwa ni kingine. Akimaliza mkataba aombe cheti cha utumishi. Ni haki yake, hata kama waliachana kwa ubaya. Akidhulumiwa, ofisi ya kazi ya kaunti humsikiliza bila wakili, na madai ya mkataba wa kazi yana miaka 3 kabla ya mlango kufungwa. Madai ya kuumia yasipite miezi 12.

Karatasi hizi zote zitolewe nakala mbili. Moja akae nayo mwenyewe mjini, ambako vyumba huvunjwa na simu huibwa. Ya pili ikae kijijini katika faili ya kikundi, kwa mweka hazina, pamoja na karatasi ya mkopo wake.